Laptopu ya Mtoto wa Sekondari: Tusinunue kwa Macho

Jinja, Uganda

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa darasa la saba yanapotangazwa hapa Uganda, watu wa kambi zetu za mashamba ya miwa hufurahi na kuhuzunika siku hiyo hiyo. Hufurahi kwa sababu mtoto amefaulu. Huhuzunika kwa sababu karatasi ya shule inafuata nyuma, nayo ina orodha ndefu: karo, sare, godoro, sanduku, ndoo, madaftari, bunda la karatasi. Na siku hizi, hasa kwa watoto wanaoingia Senior Five, chini kabisa ya orodha huonekana neno jingine ambalo wazazi wetu hawakulijua: laptopu, yaani kompyuta ndogo ya kupakata.

Mimi ni mpalizi wa miwa, na kwa miaka mingi sasa ni mwakilishi wa wafanyakazi katika tawi letu. Elimu yangu iliishia darasa la saba. Siandiki makala haya kwa kuwa mimi ni fundi wa kompyuta. Naandika kwa sababu nilipotea njia, nikailipia, kisha nikajifunza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu katika kambi zetu wako Wasoga, watu wa West Nile, Waacholi na wengine, na lugha hii ndiyo inayotukutanisha sote mstarini.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU

Wako wenzetu watakaosema: "Chama cha wafanyakazi kina kazi ya mishahara na vifaa vya kinga. Laptopu inatuhusu nini?" Ndugu zangu, inatuhusu sana.

Kumbukeni ugonjwa wa korona. Shule zetu zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ni karibu miaka miwili. Watoto wa watu wenye uwezo waliendelea kufundishwa kwa kompyuta wakiwa nyumbani. Watoto wetu waliingia shambani kupalilia na kubeba miwa. Wasichana wengine walipata mimba na hawakurudi darasani tena. Shule zilipofunguliwa, watoto hawa wote walikalishwa kwenye mtihani mmoja.

Tena, tangu Februari 2020 sekondari zetu zinafuata mtaala mpya. Mwanafunzi hakai tu kunakili ubaoni. Hupewa kazi ya kuchunguza jambo, kuliandika na kulieleza mbele ya wenzake. Kazi hizo za shuleni huingia katika matokeo ya mtihani wa Senior Four kwa alama 20 katika kila 100, na watoto wa kwanza wa mtaala huo waliufanya mtihani huo mwaka 2024. Katika Senior Five na Six, wengi husoma kompyuta kama somo dogo. Kwa hiyo mtoto aliye na mashine ya kufanyia kazi ana nafasi ambayo mwenzake hana.

Lakini nasema mapema, ili nisieleweke vibaya: laptopu si karo. Mtoto aliyelipiwa karo na hana laptopu yuko darasani. Mtoto mwenye laptopu ambaye karo yake haikulipwa yuko nyumbani. Nalijua jambo hili kwa sababu lilitokea katika nyumba yangu.

KOSA NILILOLIFANYA

Mwanzoni mwa mwaka 2023 binti yangu wa kwanza alipata nafasi ya Senior Five. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 350,000. Jumamosi baada ya mshahara nilipanda gari nikaenda mjini peke yangu. Sikumwambia mtu. Nilitaka kumshangaza mtoto.

Muuza duka alinitazama mara moja akajua ninatoka shamba. Alinikaribisha, akanipa kiti, akatoa laptopu mpya ndani ya boksi lake, nyembamba, ya rangi ya samawati, inang'aa kama sahani ya harusi. Akasema, "Mama, hii ni mpya kabisa, haijaguswa na mtu. Zile nyingine ni mitumba ya Wazungu." Bei yake shilingi 850,000. Sikuuliza kitu kingine. Niliona upya wake, nikaridhika.

Nusu milioni iliyopungua nilikopa kwa mkopeshaji wa mtaani. Alichukua kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri, na riba yake ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi. Yaani kila mwezi alichukua shilingi 100,000 kwenye mshahara wangu kabla mimi sijaona hata senti, na deni lenyewe likabaki pale pale, shilingi 500,000.

Mashine ile ilifanya kazi vizuri kwa muhula mmoja. Katika muhula wa pili binti akaniambia, "Mama, inasema imejaa." Nikamjibu, "Imejaaje, na wewe umeandika kurasa chache tu?" Ukiiwasha, ungeweza kuinjika chai na kuinywa kabla haijawa tayari. Tukaipeleka kwa fundi. Akaifungua, akatikisa kichwa. Alisema ghala yake ni ndogo mno, na Windows peke yake imekula sehemu kubwa. Ramu yake ilikuwa GB 4 tu, nayo imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao, haiwezi kuongezwa. Mashine ilikuwa mpya kweli, lakini ilizaliwa dhaifu.

Mwezi wa nane wa deni niliiuza kwa shilingi 250,000, nikauza na mbuzi wawili, nikalipa ile nusu milioni na kukomboa kadi yangu. Hebu tupige hesabu pamoja. Riba ya miezi minane ni shilingi 800,000. Deni lenyewe 500,000. Akiba yangu 350,000. Jumla shilingi 1,650,000 zimetoka kwa ajili ya mashine ya shilingi 850,000 ambayo hatimaye hatukuwa nayo. Na katikati ya muhula wa pili binti yangu alirudishwa nyumbani wiki mbili kwa sababu ya karo, kwa kuwa fedha za karo zilikuwa zinaingia mfukoni mwa mkopeshaji. Alimaliza masomo yake kwa kuomba nafasi katika chumba cha kompyuta cha shule siku za Jumamosi.

Mkopeshaji alinionea, ni kweli. Lakini aliyekwenda peke yake bila kuuliza ni mimi.

KWANZA ULIZA SHULE

Tangu siku hizo nimewauliza walimu, mafundi na watoto wenyewe, na jambo la kwanza nililojifunza ni hili: usianze dukani, anza shuleni. Nenda kwa mwalimu, au piga simu, uulize mambo manne.

Je, mtoto anaruhusiwa kuja na laptopu? Shule nyingi za bweni hapa kwetu zinakataza simu, na nyingine zinakataza laptopu pia, au huzifungia ofisini na kuzitoa kwa saa maalumu. Kununua mashine ambayo italala kabatini muhula mzima ni kutupa fedha.

Je, shule ina chumba cha kompyuta, na kila mtoto hukitumia saa ngapi kwa wiki? Ikiwa kinatosha, unaweza kungoja.

Je, mtoto atafanyia kazi gani? Kuandika insha, kutengeneza jedwali la hesabu na kusoma vitabu ni kazi nyepesi. Kuchora michoro ya ufundi au kutengeneza filamu ni kazi nzito na huhitaji mashine ya bei kubwa. Watoto wengi wa sekondari wako katika kundi la kwanza.

Je, nani atakayeilinda? Kuna kufuli? Kuna daftari la kuandikisha mali?

Kwa mtoto wa Senior One anayelala nyumbani, mashine moja ya familia inayokaa mezani yatosha, na ndugu zake wakaitumia kwa zamu. Kwa mtoto wa bweni wa Senior One, mara nyingi jibu la haki ni kungoja na kuendelea kuweka akiba mpaka Senior Five.

MAMBO YA KUTAZAMA KATIKA MASHINE

Wauzaji hupenda kutaja majina na namba ili mnunuzi aone haya kuuliza. Tusione haya. Mfanyakazi anayejua trekta anaweza kuijua laptopu.

Kwanza, prosesa. Hiyo ndiyo injini. Nyingi ni za Intel au AMD. Zenye jina Celeron au Atom ni injini ndogo. Zenye jina Core i3 au i5 zatosha kabisa kwa mwanafunzi. Lakini jihadhari: jina hilo peke yake halitoshi. Muuzaji atakuambia, "Hii ni i7, kubwa kuliko zote," kumbe ni ya zamani sana. Tazama namba inayofuata. Ikiwa imeandikwa i5-8250U, ile 8 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha 8. Ikiwa i7-2620M, ni kizazi cha 2. Trekta kubwa lililochakaa halishindi trekta dogo lililo zima. Chagua kizazi cha 8 au cha baadaye.

Pili, ramu. Hii ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, huwezi kutandaza vitabu viwili kwa pamoja. GB 4 ni meza ya kubanana. GB 8 inatosha. Uliza pia kama inaweza kuongezwa baadaye.

Tatu, diski. Hii ni ghala ya kuhifadhia. Ziko za aina mbili kubwa. Ile ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, ni nzito, ya polepole, na ikianguka huharibika upesi. Mpya huitwa SSD, haina kitu kinachozunguka, huwasha mashine kwa haraka, na huvumilia misukosuko ya boda boda kuliko ile. Chagua SSD ya GB 256. Ikimbie ghala ya GB 64, ndiyo iliyoniponza.

Nne, Windows. Kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo uliza kama mashine inakubali Windows 11. Kwa mashine za Intel, kwa kawaida ni zile za kizazi cha 8 na kuendelea. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuishika namba hiyo. Wauzaji wengine wanauza mashine za zamani kwa bei rahisi kwa sababu wanajua jambo hili nawe hulijui. Mashine ya namna hiyo haifai kutupwa, kwa kuwa iko Linux, ambayo ni ya bure na huendesha hata mashine za zamani, lakini muulize mwalimu kwanza kama itafaa kwa masomo ya shule yake.

Tano, umeme. Wengi wetu kambini hupata umeme wa kukatika. Sola ndogo ya taa na simu haiwezi kuchaji laptopu, kwa maana chaja za laptopu nyingi ni za wati 45 au 65. Kwa hiyo betri nzuri ni kitu kikubwa kwetu kuliko kioo kikubwa. Kioo cha inchi 14 kinatosha, hakili umeme mwingi wala hakiumizi mgongo wa mtoto anayetembea. Nunua na soketi ya kuzuia umeme unaoruka, kwa sababu umeme unaporudi kwa nguvu huunguza chaja, na pengine mashine yenyewe.

MPYA AU ILIYOTUMIKA?

Nililelewa kuamini kwamba kipya ni bora. Kwa laptopu sivyo daima. Kwa fedha zile zile unaweza kupata mashine mpya iliyotengenezwa kwa kubana gharama, au mashine iliyotumika ambayo ilipotoka kiwandani ilikuwa ya bei kubwa mara kadhaa. Maofisi ya Ulaya na Marekani hubadilisha mashine zao kila baada ya miaka michache, hata zikiwa bado nzima, nazo huletwa huku kuuzwa. Mashine za ofisi kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP zilitengenezwa kwa kazi ya kila siku. Vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa kawaida anaweza kuzifungua.

Lakini iliyotumika lazima ipimwe, kama vile hununui baiskeli ya mtumba bila kuipanda.

JINSI YA KUIPIMA DUKANI

Muuzaji asiyekuruhusu kukaa na mashine yake hata saa moja, muage. Akikuruhusu, fanya hivi:

1. Izime kabisa, kisha iwashe mwenyewe. Ikidai neno la siri usilopewa, au ikionyesha jina la kampuni ya mbali, iache. Mashine kama hiyo yaweza kuwa bado imefungwa na mwenyewe wa kwanza, au imeibwa.

2. Chomoa chaja, uitumie kwa betri peke yake nusu saa. Ikishuka kwa kasi, betri imechoka. Kijana anayejua anaweza kuandika katika dirisha la amri maneno haya: powercfg /batteryreport. Mashine itatoa taarifa yenye hesabu mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa ya kwanza ni 48,000 na ya pili ni 19,000, betri imebaki chini ya nusu, nawe utahitaji kununua nyingine. Bei ishuke kwa kiasi hicho.

3. Bonyeza kila herufi ya kibodi, moja moja, usiruke hata moja. Jaribu matundu yote kwa flashi. Sikiliza sauti. Washa kamera. Unganisha intaneti kwa simu yako.

4. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa. Bawaba zikilia au kioo kikififia, kuna ugonjwa. Weka kioo cheupe, utafute madoa na mistari.

5. Hakikisha kwa macho yako kiasi cha ramu, cha diski na namba ya prosesa ndani ya mashine yenyewe. Usisome karatasi iliyobandikwa juu, kwa kuwa karatasi hubandikwa na mtu yeyote.

6. Dai risiti yenye jina la duka, simu, tarehe, namba ya mashine iliyo chini yake, na muda wa dhamana. Maneno ya mdomo hayarudishi fedha. Na mashine isiyo na risiti yaweza kukupeleka polisi ikigundulika ni ya wizi.

Baada ya kununua, usisahau kwamba kazi nyingi za shule hazihitaji fedha zaidi. LibreOffice ni ya bure na huandika barua na kupiga hesabu. Kolibri ni programu ya bure ya masomo ambayo ikishajazwa haihitaji intaneti. Kiwix nayo humwezesha mtoto kusoma kamusi elezo ya Wikipedia bila kununua data. Mwombe mwalimu au kijana wa mjini azijaze mara moja, na mtoto atasoma kambini hata mtandao usipokuwapo.

FEDHA ZITATOKA WAPI

Hapa ndipo tunapoumizwa zaidi. Ndugu zangu, tusiache tena kadi zetu za benki kwa wakopeshaji. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayowahusu wakopeshaji hairuhusu mkopeshaji kushika kadi ya benki na namba ya siri, wala kitambulisho cha taifa, kuwa dhamana ya mkopo. Mimi sikuijua sheria hiyo mwaka 2023. Sasa naijua, na wewe umeisoma hapa. Anayeshika kadi yako anavunja sheria. Mlete kwenye ofisi ya tawi tumzungumze.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Mwezi wa Oktoba 2023, nilipomaliza deni, wazazi wanne wa mstari wetu tulikubaliana kuweka shilingi 50,000 kila mmoja kila mwezi katika sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, na funguo zikashikwa na watu watatu tofauti. Iko miezi tuliyokula maharage bila mafuta ili tuitimize. Baada ya miezi 16 kila mmoja alikuwa na shilingi 800,000 zake mwenyewe, bila riba ya mtu.

Mwishoni mwa Januari 2025 tulikwenda mjini wote wanne kwa pamoja. Tulifuatana na karani wa mizani, ambaye anatumia kompyuta kazini, na fundi wetu wa kupima alikuwa binti yangu yule yule, ambaye alikuwa amemaliza Senior Six akiwa amesoma kompyuta katika mashine za watu wengine. Alikaa kwenye kiti cha dukani karibu siku nzima. Alipima mashine saba. Moja aliikataa kwa betri. Nyingine ilidai neno la siri la kampuni ya nje. Ya tatu muuzaji aliisifu sana kwamba ni i7, na binti akasoma namba yake kwa sauti, akamwambia kwa heshima, "Mzee, hii ni ya kizazi cha 2." Yule muuzaji alicheka, na tangu hapo hakujaribu tena kutudanganya.

Alianza na bei ya shilingi 850,000. Kwa kuwa tulikuwa tunanunua nne kwa mara moja, tulikubaliana 780,000 kila moja, mashine za ofisi za inchi 14, i5 za kizazi cha 8, ramu GB 8, SSD ya GB 256, na dhamana ya miezi sita iliyoandikwa kwenye risiti. Zilizobaki zilikuwa za nauli na mkoba.

Mashine yetu iko mezani nyumbani. Kijana wangu wa Senior One huitumia jioni, mdogo wake humfuatia, na mimi mwenyewe nimejifunza kuandika kumbukumbu za mikutano ya tawi. Makala haya nimeyaandikia humo, kwa vidole viwili.

KAZI YA MATAWI

Ndugu wafanyakazi, mtu mmoja mmoja akienda dukani, muuzaji humkuta mjinga. Tukienda wanne, anakuta mnunuzi. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa matawi yote, ya mashambani na ya viwandani.

Moja, kila tawi lichague vijana wawili au watatu wanaozijua kompyuta, wawe wanafuatana na wazazi kununua. Wako kati yetu, ni watoto wetu.

Mbili, katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja tudai mwajiri atoe mkopo wa vifaa vya shule usio na riba, unaokatwa kidogo kidogo katika mshahara kwa maandishi. Mwajiri anayeweza kukopesha meneja gari anaweza kumkopesha mpalizi laptopu.

Tatu, tudai chumba kimoja chenye umeme na kufuli katika kila kambi, watoto wasomee jioni. Maofisi ya makampuni nayo hubadilisha kompyuta zake. Zile za zamani, zikiwa bado nzima, ziletwe huko badala ya kutupwa stoo.

Muhula mpya u karibu daima. Mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba mwaka huu aanze na shilingi atakazoweza mwezi huu, tena aje ofisini tumwonyeshe risiti yetu na orodha ya mambo ya kupima. Asiende peke yake.